Mandhari kama Hoja: Majimbo ya Jadi ya Uswidi katika Kazi za Lagerlöf, Turi, Moberg na Lidman

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya, mandhari ni kipengele ambacho hutajwa mapema na kusahauliwa upesi. Mhakiki hueleza kwamba kisa kinatokea kijijini au mjini, pwani au bara, kisha hugeukia wahusika, msuko na maudhui kana kwamba mahali ni jamvi tu lililotandikwa ili watu wakae. Mazoea haya yana hatari yake. Yanachukulia kwamba mahali palikuwapo, pamekamilika, kabla ya kusimuliwa, na kwamba kazi ya mwandishi ni kupachagua na kupaeleza. Zipo fasihi zinazoipinga dhana hiyo waziwazi. Mojawapo ni fasihi ya Uswidi, nchi ambayo majimbo yake ya jadi yamedumu kwa karibu karne nne bila serikali yake yenyewe, bila bajeti na bila mahakama, huku yakiendelea kuwa jambo ambalo Mswidi hulitaja anapoulizwa kwao ni wapi.

Makala haya yanachunguza jinsi majimbo hayo yanavyojengwa katika kazi za waandishi wanne: Selma Lagerlöf (1858-1940), Johan Turi (1854-1936), Vilhelm Moberg (1898-1973) na Sara Lidman (1923-2004). Hoja inayotetewa ni kwamba jimbo la jadi katika kazi hizi ni dai kuhusu nani mwenye nchi, na kwamba sura ya dai hilo hutegemea mahali aliposimama msimulizi. Inafaa kuanza na neno lenyewe pamoja na historia yake, kwa sababu bila historia hiyo majimbo haya huonekana kama vitu vya asili, mithili ya milima na mito.

2.0 Neno na Historia Yake

Kiswidi kina neno moja, landskap, lenye maana mbili. Kwanza, ni jimbo la jadi kama vile Skåne, Småland au Värmland. Pili, ni sura ya nchi jinsi inavyoonekana kwa macho, yaani mandhari. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua ama jimbo ama mandhari, na kila achaguapo hupoteza nusu ya maana. Mwandishi wa Kiswidi halazimiki kuchagua. Anapoeleza ziwa na msitu, tayari ameanza kuzungumzia watu na haki zao. Anapozungumzia haki, tayari ameeleza ziwa na msitu.

Majimbo ya jadi huhesabiwa kuwa 25, nayo hugawika katika sehemu tatu kuu: Götaland kusini, yenye majimbo 10, Svealand katikati, yenye majimbo 6, na Norrland kaskazini, yenye majimbo 9. Katika Enzi za Kati mengi kati ya majimbo haya yalikuwa na sheria zake na mabaraza yake. Sheria ya Västergötland, ambayo asili yake ni mwanzoni mwa karne ya 13, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswidi yaliyo katika herufi za Kilatini. Sheria ya Uppland iliidhinishwa mwaka 1296. Kabla ya kuandikwa, sheria zilihifadhiwa katika kumbukumbu na kutamkwa mbele ya baraza na mjuzi wa sheria. Hivyo basi, kabla jimbo halijawa mstari kwenye ramani, lilikuwa eneo la watu waliokubali kusikiliza maneno yale yale. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakosa kutambua uzito wa jambo hilo.

Katikati ya karne ya 14, enzi ya Mfalme Magnus Eriksson, sheria moja ya nchi nzima ilianza kuchukua mahali pa sheria za majimbo. Mwaka 1634 katiba mpya iligawa nchi katika mikoa ya kiutawala iitwayo län, kila mmoja chini ya gavana wa mfalme. Mikoa hiyo sasa ni 21, na mipaka yake mara nyingi haifuati ile ya majimbo ya jadi. Tangu wakati huo jimbo la jadi halitozi kodi wala halihukumu mtu. Hata hivyo jina lake limebaki katika lahaja, mavazi, vyakula, utabiri wa hali ya hewa na, juu ya yote, katika fasihi.

Aidha, ni muhimu kukumbuka kwamba orodha hiyo ya majimbo 25 ni tunda la vita. Kwa mkataba wa Brömsebro wa 1645, Uswidi ilichukua Jämtland, Härjedalen na Gotland kutoka kwa ufalme wa pamoja wa Denmaki na Norwe, ikapewa pia Halland kwa miaka 30. Kwa mkataba wa Roskilde wa 1658 ikachukua Skåne, Blekinge na Bohuslän, na Halland ikawa yake moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Lund, kilichoanzishwa mwaka 1666 katika Skåne, kilikuwa sehemu ya mpango wa kuwafanya wenyeji wa huko kuwa Waswidi. Mwaka 1809, kwa upande mwingine, Uswidi ilipoteza majimbo yote ya Ufini kwa Urusi. Lappland nayo ni jina lililobandikwa na wageni juu ya nchi ambayo Wasami huiita Sápmi, nchi inayovuka mipaka ya mataifa manne. Kwa hivyo mwandishi anayeyataja majimbo haya kwa mfuatano mmoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ameshachukua msimamo wa kiitikadi kabla ya kuanza kisa chake.

3.0 Jicho la Angani: Selma Lagerlöf

Hakuna kazi iliyoyapanga majimbo ya Uswidi katika akili za wasomaji kuliko kitabu cha Lagerlöf kuhusu safari ya ajabu ya Nils Holgersson, kilichotoka katika juzuu mbili mwaka 1906 na 1907. Kitabu hiki kiliagizwa na chama cha walimu wa shule za msingi ili kiwe cha kusomea jiografia. Nils, mvulana mtundu wa Västra Vemmenhög katika Skåne, anageuzwa kuwa mdogo kama kidole na kibwengo mlinzi wa nyumba aliyemchokoza. Anapanda mgongoni mwa bata bukini mweupe wa kufugwa anayejiunga na kundi la bata bukini wa mwituni, chini ya uongozi wa Akka, na kusafiri hadi Lappland na kurudi.

Uamuzi mkuu wa kifani hapa ni mahali pa jicho. Nils anapoitazama Skåne kwa mara ya kwanza kutoka angani, anaona kitambaa kikubwa cha mirabaraba, na inamchukua muda kutambua kwamba vile vipande ni mashamba. Taswira ya kitambaa ina kazi kubwa. Kitambaa hufumwa, hukatwa na kuungwa. Vipande vyake hutofautiana rangi lakini huwa vya nguo moja. Msomaji mtoto anafundishwa, bila kuambiwa, kwamba majimbo ni vipande vya vazi la taifa. Bata bukini nao hawajui mpaka. Wanapaa kutoka jimbo hadi jimbo bila kuulizwa cheti.

Taswira hii ya umoja inaimarishwa na ngano ndogo ndogo zilizopachikwa ndani ya safari. Katika ngano ya Småland, Mungu anaumba Skåne yenye rutuba huku Mtakatifu Petro akijaribu mkono wake kwa kuumba Småland, na matokeo ya kazi ya Petro ni nchi ya mawe. Ili kurekebisha mambo, Mungu anamuumba mtu wa Småland awe mwepesi, mchapakazi na mwenye kuweza kujipatia riziki hata katika ufukara. Katika ngano ya Uppland, jimbo hilo ni mwombaji anayezunguka kwa majimbo mengine akiomba mabaki yao, kisha anayapanga kwa busara hadi anastahili heshima ya kuwa makao ya mfalme.

Ngano zote mbili zinapendeza, na ustadi wa msimulizi hauna shaka. Lakini zinapaswa kusomwa kwa macho makali. Ngano ya kwanza inageuza umaskini wa Småland kuwa mzaha wa mbinguni wenye malipo ya tabia njema. Njaa inakuwa shule ya bidii. Ngano ya pili inageuza historia ya mamlaka ya kati kuwa hadithi ya uwekevu. Dola iliyoyanyang'anya majimbo sheria zao na kuyawekea magavana mwaka 1634 inaonekana hapa kama maskini mwenye akili aliyeokota kile ambacho wenzake hawakukihitaji. Hakuna aliyepokonywa kitu.

Historia iliyofunikwa hivyo haikosi kuchungulia. Ngome ya Glimmingehus katika Skåne ilianza kujengwa mwaka 1499 na Jens Holgersen Ulfstand, mkuu wa Denmaki. Katika kitabu cha Lagerlöf ngome hiyo ni uwanja wa vita vya panya: panya weusi, wenyeji wa zamani, wamebaki na ngome hiyo peke yake, nao wamezingirwa na panya wa kijivu, wageni waliokuja mikono mitupu wakaenea kote. Nils anawaokoa weusi kwa kuwapigia wa kijivu filimbi na kuwaongoza mbali. Katika jimbo lililobadilishwa utaifa kwa mkataba wa kivita, kisa cha mwenyeji aliyebanwa katika ngome yake ya mwisho hakiwezi kuwa mchezo mtupu. Ushindi uliobadilisha Skåne umeingia kitabuni kupitia mlango wa nyuma, ukiwa umevaa ngozi ya panya.

Vilevile, kitabu kinachodai kuonyesha nchi nzima hakikuipa Halland sura yake, jambo ambalo wasomaji wa huko wamelilalamikia kwa muda mrefu. Malalamiko hayo yanathibitisha hoja ya makala haya: kutosimuliwa kulihisiwa kama kunyimwa mahali katika taifa.

Hata hivyo haitakuwa haki kumhukumu Lagerlöf kwa jicho la angani pekee. Riwaya yake ya kwanza, Gösta Berlings saga (1891), inaijenga Värmland kutoka ardhini, kwa masimulizi ya wazee kuhusu mabwana wa Ekeby, karamu zao na maangamizi yao. Zaidi ya hayo, ndani ya safari ya Nils kuna sehemu ambamo mwanamke aliyetakiwa kuandika kitabu kuhusu Uswidi kwa ajili ya watoto, naye hajui aanzie wapi, anarudi Mårbacka, shamba la wazazi wake katika Värmland lililokuwa limeuzwa. Hapo anamkuta Nils, anamwokoa kutoka kwa bundi, naye Nils anamsimulia safari yake. Sehemu hii hupitwa haraka na wahakiki kama utani wa mwandishi. Kwa kweli ni ungamo. Kitabu kinachoitazama nchi kutoka juu kinakiri kwamba hakikuweza kuandikwa mpaka mwandishi alipotia mguu kwenye udongo wa nyumba aliyoipoteza.

4.0 Sauti ya Aliyetazamwa: Johan Turi

Kilele cha safari ya Nils ni Lappland. Huko ndiko bata bukini hutaga na kulea. Huko ndiko Åsa, msichana mchungaji wa bata, anakomfuata baba yake kwa miguu baada ya kifua kikuu kuimaliza familia, na ndiko anakokutana na Wasami katika mahema yao. Kwa msomaji wa kusini, Lappland ni mwisho wa nchi. Kwa Wasami ni katikati.

Mwaka 1910, miaka mitatu tu baada ya juzuu ya pili ya Lagerlöf, kilitoka kitabu cha Johan Turi, Muitalus sámiid birra, yaani masimulizi kuhusu Wasami, kikiwa na maandishi ya Kisami pamoja na tafsiri ya Kidenmaki. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kisicho cha kidini kilichoandikwa na Msami kwa lugha yake. Turi alizaliwa Kautokeino upande wa Norwe, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake upande wa Uswidi, karibu na ziwa Torneträsk. Alikuwa mfugaji na mwindaji, na aliandika kwa himizo na msaada wa Emilie Demant, msanii wa Denmaki aliyeishi miongoni mwa Wasami. Lengo lake analitaja mwanzoni mwa kitabu: kuwaeleza watawala maisha ya Wasami kikamilifu, ili wasiendelee kupotoshewa habari na wengine.

Tofauti ya Turi na Lagerlöf huonekana kwanza katika mpangilio. Lagerlöf anapanga kwa majimbo. Kila sura ina mpaka. Turi anapanga kwa majira na kwa kazi: kuhama na mifugo, kulea ndama, kuwinda mbwamwitu, kutibu wagonjwa, kuimba. Nchi yake haina umbo la kitambaa kilichotandazwa. Ni njia inayopitwa mwaka hadi mwaka, majira ya baridi hadi kiangazi. Jimbo la Lappland, kama eneo lenye mwanzo na mwisho, halimsaidii kueleza chochote. Mpaka unapoingia katika masimulizi yake, huingia kama madhara: mahali ambapo mfugo umezuiwa na mlowezi akalalamika.

Tofauti ya pili ni ya nafsi. Katika Lagerlöf, Wasami huelezwa na msimulizi anayewatazama kwa upole, lakini bado wanatazamwa. Katika Turi, wao ndio wanaoeleza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Turi anashikilia kwamba watu wake hawana habari ya kuwa walihamia huko kutoka kwingine, na kauli hiyo, ingawa inatolewa kwa sauti ya chini, ni hati ya kumiliki ardhi. Hapa fani na maudhui haziwezi kutenganishwa: kuandika kwa Kisami, kwa mpangilio wa majira, ni kukataa kuwa sura ya mwisho katika kitabu cha mwingine. Bunge la Wasami wa Uswidi lilifunguliwa mwaka 1993, na madai yake kuhusu ardhi, maji na lugha yana ndugu yao mkubwa katika kitabu hiki.

5.0 Jimbo la Aliyeondoka: Vilhelm Moberg

Ikiwa Turi anaipinga ramani kutoka kaskazini, Moberg anaipinga kutoka kusini, ndani ya Småland ile ile ya mawe aliyoitania Lagerlöf. Moberg alizaliwa katika parokia ya Algutsboda katika jimbo hilo. Riwaya zake nne kuhusu wahamiaji, zilizotoka 1949, 1952, 1956 na 1959, zinawafuata Karl Oskar, mkewe Kristina na wenzao kutoka parokia ya Ljuder hadi Minnesota, Marekani. Kisa kinaanza katikati ya karne ya 19, wimbi la uhamaji lilipokuwa linaanza. Hadi miaka ya 1920 zaidi ya Waswidi milioni moja walikuwa wamevuka bahari.

Riwaya ya kwanza, Utvandrarna, inafunguliwa na maelezo ya parokia yanayofanana na rejista: idadi ya watu, mashamba, watumishi, maskini, maofisa. Baadhi ya wasomaji huona mwanzo huu mkavu. Ukavu huo ni wa makusudi. Moberg anatumia lugha ya serikali na kanisa ili kuonyesha jinsi mtu wa chini alivyohesabiwa pasipo kusikilizwa. Baada ya hesabu hiyo ndipo anapoingia katika nyumba moja, na tarakimu moja inapata jina.

Jiwe, ambalo katika ngano ya Lagerlöf ni kosa la kuchekesha la Mtakatifu Petro, linapata maana nyingine kabisa. Baba yake Karl Oskar analemazwa na jiwe alipokuwa akilisafisha shamba. Mwana anarithi shamba pamoja na mawe yake na deni lake. Mavuno yanapoharibika, binti yao mdogo, Anna, anakufa kwa uji wa shayiri ambao tumbo lake lenye njaa halikuweza kuuhimili. Hakuna tabia njema inayoweza kufidia jambo hilo. Bidii ya mtu wa Småland, ambayo ngano iliifanya kuwa zawadi ya Mungu, hapa inafikia kikomo chake: Karl Oskar ni mchapakazi kuliko wote, na bado ardhi inamshinda. Kuondoka kwake ni hukumu juu ya jimbo na juu ya wale waliolisifu wakiwa wameshiba.

Lakini Moberg hakomei katika shutuma. Akiwa Minnesota, Kristina anatamani nyumbani, na makao yao mapya yanapewa jina la Duvemåla, kwao alikozaliwa. Mti wa tofaa unakua huko kutokana na mbegu zilizotoka Småland. Jimbo limesafiri ndani ya jina na ndani ya mbegu. Wakati huo huo juzuu ya mwisho inaingiza vita vya Wadakota vya 1862, na msomaji anakumbushwa kwamba udongo mzuri alioupata Karl Oskar ulikuwa na wenyewe. Aliyekimbia mawe ya wengine amesimama juu ya ardhi ya wengine. Moberg halitatui jambo hili, na uaminifu wake kama msanii umo katika kutolitatua.

Mwishoni Karl Oskar, mzee asiyeweza tena kutembea, anajifariji kwa ramani ya Ljuder, akifuata kwa kidole njia za ujana wake. Ramani ni chombo cha mtazamo wa juu, kama lilivyo jicho la Nils. Tofauti ni kwamba kidole cha Karl Oskar kinakijua kila kipande cha njia kwa sababu miguu yake ilipita hapo kwanza. Aidha, ramani hiyo ni ya parokia. Mapenzi ya mtu kwa kwao hayaanzi na jina kubwa la jimbo. Huanza na kijia cha kwenda kisimani.

6.0 Jimbo kama Koloni: Sara Lidman

Mwandishi wa nne ana uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki. Sara Lidman alizaliwa Missenträsk, kijiji cha Västerbotten, kaskazini. Riwaya zake mbili za mwanzo, Tjärdalen (1953) na Hjortronlandet (1955), zinaonyesha vijiji vya misituni na vinamasi ambako umaskini haumwachi mtu awe mwema kwa urahisi. Katika Tjärdalen mtu mmoja anaharibu tanuru la lami ya misonobari la mwenzake, anajeruhiwa, na kijiji kinamwacha aoze kwa jeraha lake. Lidman aliandika kwa lugha iliyochanganya lahaja ya Västerbotten na msamiati wa Biblia. Kwa kufanya hivyo aliirudisha lahaja kutoka mahali pa kichekesho, ambako fasihi nyingi huiweka, hadi mahali pa hukumu na sala.

Mwaka 1960 alikwenda Afrika Kusini, akakamatwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi na kulazimika kuondoka. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliishi Kenya, na riwaya yake Med fem diamanter (1964) ina mandhari ya Kenya. Ni kazi inayomhusu msomaji wa hapa kwa njia ya pekee, na inastahili kusomwa bila upendeleo. Nguvu ya riwaya za mwanzo ilitokana na lugha ya wenyeji ambayo mwandishi alinyonya nayo maziwa ya mama. Katika Kenya hakuwa na lugha kama hiyo. Huruma na hasira anazo, lakini mahali hapasemi kwa kinywa chake penyewe. Kipimo alichokiweka yeye mwenyewe katika Västerbotten ndicho kinachoihukumu kazi yake ya Kenya.

Hata hivyo, alichokiona Afrika hakikupotea. Aliporudi kuandika kuhusu nchi yake, alitoa kwanza Gruva (1968), kitabu cha mahojiano na wachimba migodi wa Svappavaara huko Lappland, kisha akaanza mfululizo wa riwaya saba kuhusu kujengwa kwa reli katika Västerbotten, kutoka Din tjänare hör (1977) hadi Oskuldens minut (1999). Riwaya ya pili, Vredens barn (1979), ilimpatia tuzo ya fasihi ya Baraza la Nchi za Nordiki mwaka 1980. Mhusika mkuu, Didrik Mårtensson wa parokia ya Lillvattnet, anaiota reli kama wokovu. Anaamini kwamba njia ya chuma itaifanya parokia yake kuwa sehemu ya Uswidi. Reli inaleta dola karibu, na dola inaleta wanunuzi wa misitu, mikopo na kesi. Anwani ya riwaya ya tatu, Nabots sten (1981), inarejelea kisa cha Nabothi wa Biblia, aliyeuawa ili mfalme achukue shamba lake la mizabibu, na inatosha kuonyesha jinsi mwandishi anavyolisoma suala la ardhi ya kaskazini.

Kuwa Lidman aliandika mfululizo huu baada ya kuishi katika nchi za Kiafrika si jambo la wasifu tu. Msomaji wa Kenya anajua kutokana na historia yake kwamba reli haijengwi kwa ajili ya mtu aliye kando ya njia pekee. Hujengwa pia kwa ajili ya kilicho chini ya ardhi yake na juu yake. Lidman anaitazama Västerbotten kwa jicho lililokwisha kuona ukoloni ukiitwa kwa jina lake. Jimbo ambalo kwa Lagerlöf ni kipande cha kitambaa, kwake ni mahali pa kuchotwa mali. Wala hawaachi watu wa Västerbotten wakiwa malaika: walowezi wake wamekaa katika nchi ambayo Wasami walipita kabla yao, na dhiki ya mmoja inaegemea juu ya dhiki ya mwingine.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba majimbo ya jadi ya Uswidi, baada ya kuondolewa mamlaka mwaka 1634, yalibaki hai kwa kusimuliwa, na kwamba kila msimulizi alilipa jimbo umbo kulingana na mahali alipojiweka. Lagerlöf aliwapa watoto wa taifa picha ya vazi moja lenye rangi nyingi, picha yenye uzuri na yenye kuficha. Turi alionyesha kwamba kile kilichoitwa mwisho wa nchi kina mwendo wake na wenyewe. Moberg aliyarudisha mawe ya Småland juu ya migongo ya watu walioyabeba. Lidman aliisikiliza lahaja ya kijiji chake hadi akasikia ndani yake malalamiko ya koloni.

Haifuati kwamba mtazamo wa juu ni wa uongo na wa chini ndio wa kweli daima. Bila Lagerlöf, watoto wengi wa Skåne wasingejua kwamba Lappland ina watu, na Lidman mwenyewe, alipotoka kwake, alionyesha jinsi anayependa kusimama chini anavyoweza kukosa udongo wa kusimamia. Kinachodaiwa ni kwamba mhakiki asiruhusu mandhari yapite bila kuyahoji. Nani anatazama, akiwa wapi, na ni nani aliyemo ndani ya picha bila kuulizwa? Maswali haya yanapaswa kuulizwa kabla ya wahusika kuorodheshwa na msuko kufupishwa, kwa kuwa mara nyingi majibu yake ndiyo maudhui yenyewe. Kiswahili, ambacho kimetenga jimbo na mandhari katika maneno mawili, kinamwachia mhakiki wake kazi ya kuyaunganisha tena.